Makaburi ya Wake Sita wa Mfalme Mmoja



Tangu nirudi kutoka likizo, wengi wenu mmeniuliza: «Mwalimu, Ulaya uliona nini?» Nimekuwa nikijibu kwa kicheko tu, maana jibu lake ni refu. Leo nalipa deni.

Mnajua kwamba yaya yangu anaishi London na bwana yake. Mwezi wa sita alijifungua mtoto wa nne. Alikuwa ameweka feza kidogo kidogo katika likelemba ya wamama wa Kongo kule, na zamu yake ilipofika akaninunulia tiketi ya ndege nikamsaidie uzazi, kwa sababu mama yetu hayupo tena. Nilifika mtoto akiwa na majuma matatu. Mtoto ni wa kike. Na wale watatu wa kwanza nao ni wa kike.

Jioni ya pili tulikuwa mezani, tunakula bukari na sombe, simu ikalia kutoka nyumbani. Shemeji akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Wazee walitusalimia vizuri, wakamshukuru Mungu. Kisha mama mmoja wa jamaa yake akasema: «Lakini huyo mke wako, tumbo lake linajua wasichana tu? Hapa tungekwisha kukutafutia mwingine.» Wakacheka. Shemeji hakucheka, lakini hakujibu kitu. Yaya aliondoka kwenda kuosha vyombo, na maji ya bomba yaliendelea kutiririka muda mrefu.

Nami nilinyamaza. Ninawaambia hivyo wazi kwa sababu ndiyo sababu ya makala hii. Nilisomea biolojia katika chuo cha ualimu. Kila mwaka naandika ubaoni mbele ya wanafunzi wangu namna mtoto anavyokuwa wa kike au wa kiume. Lakini mbele ya simu ya wakubwa, diploma yangu ilibaki katika sanduku.

Kulikuwa na jambo lingine. Mtoto hakuwa na jina. Shemeji alikuwa ameweka tayari jina la marehemu baba yake, kwa mvulana. Sasa alisema tungoje kidogo. Na katika Uingereza sheria inataka mtoto aandikishwe serikalini kabla ya siku 42 kupita. Kwa hiyo tulikuwa tunahesabu siku.

Binti wao wa kwanza ana miaka kumi na moja. Masomoni kwao walikuwa wamefundishwa habari za mfalme Henry VIII na wake zake sita. Kule watoto hukariri mwisho wa kila mmoja wa wale wamama, kama sisi tulivyokariri mito ya Kongo. Akaniambia: «Mama mdogo, wewe ni mwalimu. Twende tukaone walikozikwa, nitaandika katika daftari yangu ya likizo.» Yaya akasema nendeni, mtoto asikae ndani mwezi mzima. Hivi ndivyo safari ilivyoanza.

Hapa Katanga tumekua tukisikia habari za M'siri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, ambaye watu walimhesabia wake kwa mamia. Huyu wa Uingereza hakufanya vile. Alioa mmoja mmoja, kwa ndoa ya kanisa, na kila mara alisema huyu ndiye. Msidhani kwamba hilo liliwalinda.

Mke wa kwanza: malkia aliyekataa kuondoka

Tulipanda treni mpaka Peterborough, safari ya kama saa moja kaskazini ya London. Katika kanisa kuu la mji ule amelazwa Catherine wa Aragon. Kanisa ni kubwa na la zamani sana, lenye baridi hata wakati wa joto. Kaburi liko chini, karibu na altare, na juu yake kuna herufi za dhahabu zinazosema yeye ni malkia wa Uingereza.

Catherine alikuwa binti wa wafalme wa Hispania. Alifika Uingereza mwaka 1501 kuolewa na Arthur, kaka yake Henry. Arthur alikufa baada ya miezi michache tu, na mwaka 1509 mjane yule aliolewa na Henry mwenyewe. Sisi tunajua habari hiyo ya mjane kubaki katika jamaa ya bwana.

Hakuwa mwanamke wa kukaa tu. Mwaka 1513, Henry alipokwenda vitani Ufaransa, alimwachia mke wake utawala wa nchi, na chini yake jeshi la Uingereza likawashinda Waskoti. Lakini watu hawakuhesabu hayo. Walihesabu mimba. Alipata mimba mara nyingi. Mvulana mmoja alizaliwa tarehe 1 Januari 1511, taifa lote likafanya sikukuu, na baada ya siku 52 mtoto akafa. Aliyebaki hai ni mmoja tu, msichana, Mary, aliyezaliwa mwaka 1516.

Henry akaanza kusema Mungu amemwadhibu kwa kuoa mke wa kaka yake. Alikuwa na mstari wa Biblia wa kushika. Papa alikataa kuvunja ndoa, basi mfalme akatenga kanisa la nchi yake na Roma, na mwaka 1533 askofu wake mkuu akatangaza kwamba ndoa ile ya miaka 24 haikuwa ndoa. Catherine alikataa. Mpaka mwisho alijiita malkia na mke wa mfalme. Wakamwondolea nyumba nzuri, wakamhamisha hapa na pale, wakamkataza kumwona binti yake. Hata alipokuwa mgonjwa wa kufa, Mary hakuruhusiwa kwenda. Alikufa tarehe 7 Januari 1536, akazikwa kama mjane wa Arthur, siyo kama malkia.

Basi zile herufi za dhahabu zimetoka wapi? Karibu na mwisho wa karne ya 19, wanawake wa Uingereza wenye jina la Katharine walichangishana ili kaburi lake lipate jiwe linalofaa. Mamia ya miaka baada ya kifo chake, wanawake waliobeba jina lake walimrudishia cheo chake. Binti wa yaya alipenda sana habari hiyo. Akauliza: «Mama mdogo, hata mimi ningeweza kuchanga?» Nikamwambia, kila kikundi cha wamama kinaanza hivyo.

Wa pili na wa tano: chini ya sakafu moja

Juma lililofuata tulikwenda Tower of London, ile ngome ya mawe kando ya mto Thames. Watu ni wengi kama soko la Jumamosi. Walinzi wenye mavazi ya zamani wanaongoza wageni, na kunguru wakubwa weusi wanatembea katika majani bila kuogopa mtu.

Anne Boleyn alikuwa mmoja wa wanawake waliomtumikia Malkia Catherine. Mfalme akampenda. Sisi Wakongomani tunajua maneno «biro ya pili», na tunajua pia namna biro ya pili inavyotaka kuwa ya kwanza. Anne alingoja miaka. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1533 waliolewa kwa siri, akiwa na mimba, na mwezi wa sita akavikwa taji. Waganga na wanajimu walikuwa wamesema atazaa mvulana. Barua za kutangaza kuzaliwa kwa mwana wa mfalme ziliandikwa kabla ya wakati. Tarehe 7 Septemba akazaliwa Elizabeth. Karani alilazimika kuchomeka herufi moja katika neno lililokwisha kuandikwa, ili «mwana» asomeke kuwa «binti». Michezo ya farasi iliyopangwa kwa furaha ikafutwa.

Wamama, naifikiria ile herufi moja. Mtoto mzima, mwenye afya, amefika duniani, na wakubwa wanatafuta nafasi ya kumchomeka kama kosa la karani.

Anne aliposikia Catherine amekufa, alidhani sasa amebaki peke yake na salama. Lakini siku ileile Catherine alipozikwa, mimba ya Anne iliharibika. Kutoka kifo cha Catherine hadi kifo cha Anne ilipita miezi minne na siku chache tu. Mfalme alikuwa tayari anamwangalia msichana mwingine, mmoja wa wanawake waliomtumikia Anne. Akashtakiwa uzinzi, hata na ndugu yake wa kuzaliwa naye. Wanahistoria wengi wanaona mashtaka yale yalikuwa ya uongo. Tarehe 19 Mei 1536 alikatwa kichwa kwa upanga na mtu aliyeitwa maalum kutoka Calais. Hapakuwa na sanduku la maiti lililotayarishwa. Wanawake waliomtumikia walimweka katika sanduku la mishale, wakamzika katika kanisa dogo ndani ya ngome.

Katika kanisa lile lile amelazwa mke wa tano, Catherine Howard, aliyekuwa binamu wa Anne. Alipoolewa mwaka 1540 alikuwa bado msichana kijana sana, na mfalme alikuwa na miaka 49, mnene, na kidonda cha mguu kisichopona. Watu wa jamaa yake walifurahi kupata bwana mkubwa. Alikuwa amelelewa katika nyumba kubwa ya jamaa bila mama, ambako watu wazima walimchezea akiwa mtoto, na hakuna aliyemlinda. Mambo hayo yalipojulikana, pamoja na habari kwamba alikutana kwa siri na kijana mmoja wa ikulu, tarehe 13 Februari 1542 naye akakatwa kichwa. Hakumaliza hata miaka miwili ya ndoa.

Nje kuna ukumbusho wa kioo wenye mto wa kulalia juu yake, kwa watu waliouawa pale. Mama mmoja mgeni alikuwa amesimama karibu nasi anafuta machozi. Hatukujua lugha yake, naye hakujua yetu, lakini alinishika mkono kidogo kabla ya kwenda. Mimi niliwaza juu ya Catherine Howard kuliko wengine wote, kwa sababu wasichana wa umri wake ninao darasani. Jamaa inapoona bwana mwenye feza, inasahau kuuliza miaka ya mtoto.

Wa tatu: aliyezaa mvulana

Hampton Court ni jumba la matofali mekundu, nje kidogo ya mji, lenye bustani na jiko kubwa kama nyumba nzima. Hapa ndipo mfalme alipopata alichokitaka.

Jane Seymour aliolewa siku 11 baada ya Anne kuuawa. Tarehe 12 Oktoba 1537, baada ya uchungu wa siku mbili na zaidi, alizaa Edward katika jumba hili. Kengele zililia, mizinga ikapigwa. Siku ya ubatizo walimfunika Jane nguo za manyoya wakamkalisha apokee wageni. Siku 12 baada ya kuzaa alikufa.

Ndani ya jumba kuna picha kubwa ya rangi, ya mwaka 1545 hivi. Mfalme amekaa katikati. Upande mmoja amesimama Edward, upande mwingine amekaa Jane. Lakini mwaka ule Jane alikuwa amekwisha kufa miaka minane, na malkia halisi alikuwa mwanamke mwingine. Walimchora maiti mahali pa mke aliye hai kwa sababu alizaa mvulana. Mary na Elizabeth wapo pia katika picha, lakini nje ya nguzo, kila mmoja upande wake, kama wageni waliokuja kusalimia.

Binti wa yaya alisimama pale muda mrefu bila kuandika. Kisha akaniuliza polepole: «Mama mdogo, sisi kwetu tuko nje ya nguzo?» Aliisikia ile simu. Tunadhani watoto wako katika mchezo wao, kumbe masikio yao yako mezani. Nilimwambia hapana. Lakini nilijua kwamba jibu langu peke yangu halitoshi.

Wa nne: aliyepata karatasi

Katika kanisa la Westminster Abbey, katikati ya mji, wafalme na malkia wengi wamelazwa. Kati ya wake sita, mmoja tu yuko pale: Anne wa Cleves, aliyetoka Ujerumani. Kaburi lake ni la chini, ukitembea haraka unalipita.

Mfalme alimchagua kwa picha. Alipomwona mwenyewe akasema hampendi. Walioana tarehe 6 Januari 1540, na mwezi wa saba ndoa ikavunjwa. Anne alikuwa mgeni, hakuwa na mama wala baba karibu, na Kiingereza alikuwa bado anajifunza. Alijua yaliyowapata waliomtangulia. Hakugombana. Akakubali, lakini akapata vitu vilivyoandikwa: majumba, mashamba, mapato ya kila mwaka, na cheo cha dada mpendwa wa mfalme. Kati ya nyumba alizopewa ni Hever, iliyokuwa nyumba ya wazazi wa Anne Boleyn. Aliishi kwa amani na kupatana na watoto wa mfalme. Alikufa mwaka 1557, wa mwisho kati ya wote sita, miaka kumi baada ya mfalme.

Siwaambii kwamba mama akiambiwa aondoke, aondoke tu. Catherine alikuwa na haki ya kukataa. Ninasema hivi: mfalme yule yule, aliyevunja maneno yake mara nyingi, hakumrudishia Anne wa Cleves mikono mitupu, kwa sababu mambo yalikuwa juu ya karatasi. Ni wamama wangapi hapa wameolewa kwa mahari tu, watoto watano, na ndoa haijaandikwa eta-sivil ya komine? Ni wangapi wamejenga parsele kwa feza ya soko, na karatasi yote ina jina la bwana peke yake? Siku ya kifo jamaa inapokuja na kufuli, machozi hayasomwi. Karatasi inasomwa.

Katika kanisa hilohilo nilimwonyesha binti wa yaya kaburi lingine. Mary na Elizabeth, wale wasichana wawili wa nje ya nguzo, wamelazwa pamoja. Edward, mvulana aliyetafutwa kwa damu nyingi, alipata ufalme akiwa na miaka tisa na alikufa mwaka 1553 akiwa na miaka 15. Baada yake alitawala Mary. Na baada ya Mary, kuanzia mwaka 1558, alitawala Elizabeth, binti wa Anne Boleyn. Alitawala miaka 44. Ukimwuliza Mwingereza akutajie watawala wakubwa wa nchi yake, hatachelewa kumtaja yeye. Mfalme aliua mama ya mtoto yule akitafuta mrithi, na mrithi alikuwa tayari anatembea.

Wa sita: aliyebaki

Catherine Parr hatukufika kwake. Yuko Sudeley, mbali upande wa magharibi, na tiketi za treni kule ni ghali. Alikuwa mjane mara mbili alipoolewa na mfalme mwaka 1543. Alimwuguza, akawaleta watoto wake watatu karibu na baba yao, akaangalia masomo ya Elizabeth. Mwaka 1545 alichapisha kitabu cha sala chenye jina lake, mwanamke wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo katika lugha ya kwao. Naye nusura akamatwe kwa sababu ya kujadili mambo ya dini na bwana yake, akajiokoa kwa hekima ya maneno. Mfalme alikufa tarehe 28 Januari 1547. Catherine akaolewa tena, na bwana aliyempenda mwenyewe, akazaa msichana mwaka 1548, na siku sita baadaye akafa kwa homa ya uzazi.

Mama aliyejifungua akishikwa na homa, wamama, siyo jambo la kungoja mpaka asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya siku ileile. Wake wawili kati ya sita walikwenda hivyo, na walikuwa na waganga wa kifalme.

Windsor

Jumamosi ya mwisho, shemeji, ambaye hufanya kazi ya usiku katika depo, alisema atatupeleka kwa gari lake mpaka Windsor, kwenye kaburi la mfalme mwenyewe. Yaya alimbeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Zilikuwa zimebaki siku tano za kuandikisha jina.

Nilidhani nitaona mnara mkubwa. Ni jiwe jeusi katika sakafu ya kanisa, na watu wanapita karibu nalo. Alitaka kaburi la fahari, lakini halikumalizika. Chini yake amelazwa pamoja na Jane.

Binti wao akamsomea baba yake daftari lote, pale nje katika majani. Alipomaliza akasema: «Papa, alifukuza wamama wote wale kwa ajili ya mvulana. Kosa lilikuwa la nani?» Shemeji akaniangalia. «Mwalimu, mjibu.»

Safari hii sikunyamaza. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani. Kila mtu ana alama mbili za jinsia katika chembe za mwili wake. Mwanamke ana X na X. Mwanamume ana X na Y. Yai la mama daima linaleta X, hana kingine cha kuleta. Mbegu ya baba inaleta X au Y. Ikileta X, ni msichana. Ikileta Y, ni mvulana. Jambo hili lilijulikana mwaka 1905, na mmoja wa walioligundua alikuwa mwanamke Mmarekani, Nettie Stevens. Henry hakuweza kulijua. Sisi tunalijua.

Shemeji alikaa kimya. Kisha akasema: «Basi ni mimi.»

Nikamwambia: «Hapana, shemeji. Hakuna anayechagua. Siyo yaya, siyo wewe. Tusimwondolee mama kosa ili tumpe baba. Hapa hakuna kosa. Kuna mtoto.»

Nikaongeza jambo moja. Nchi hiyohiyo ya Henry, mwaka 2013, ilibadilisha sheria yake ya ufalme: mvulana hampiti tena dada yake aliyemtangulia kuzaliwa. Leo Charlotte, mjukuu wa mfalme wa sasa, hakupitwa na mdogo wake Louis. Iliwachukua karibu miaka mia tano. Sisi tusingoje kiasi hicho.

Katika gari hakuna aliyeongea sana. Jumatatu shemeji alikwenda na yaya kuandikisha mtoto. Walimwandika kwa jina la marehemu baba yake shemeji, lile lile lililowekwa kwa mvulana. Alisema: «Jina halivai suruali wala sketi.» Jioni akapiga simu nyumbani mwenyewe, akaweka sauti kubwa tena, akawaambia jina. Kukawa kimya kule. Kisha yule mama mzee akauliza: «Jina la bwana yangu?» Shemeji akasema ndiyo. Mama akalia kidogo, akamwita mtoto kwa jina lile mara tatu. Halafu akasema tena: «Mungu atawapa na mvulana.» Sitaki kuwadanganya, hakubadilika siku moja. Lakini yaya hakuondoka mezani.

Wamama, katika mikutano yenu ya juma hili, ninawaomba mzungumze mambo matatu. La kwanza: katika kikundi chetu, nani amesemwa kwa sababu ya kuzaa wasichana, na nani kati yetu alicheka au alinyamaza? Mara nyingi sauti ile siyo ya wanaume, ni yetu sisi, mama mkwe na mawifi. La pili: nani hajaandikisha ndoa yake na watoto wake, na tutasindikizana lini kwenda komine? La tatu: binti zetu wanatusikia tukisema nini mezani?

Binti wa yaya aliandika ukurasa wa mwisho wa daftari yake kabla sijaondoka. Alichora ile picha ya Hampton Court upya. Katikati aliweka mama yake na baba yake, na wasichana wanne. Nguzo hakuzichora.

Mungu awalinde, na awalinde watoto wenu wote.